Jinsi ya Kumaliza Fildi Bila Kunawa Mikono

Hongera, mwanangu. Barua ya chuo imetoka, jina lako limo, na Kiwangwa nzima imeshaambiwa kwamba mtoto wa fulani anakwenda kusomea unesi. Baba yako ameuza mananasi ya msimu kwa bei ya kutupa ili ada itimie. Mama amekushonea sare kwa fundi wa pale barabarani. Shangazi, ambaye hajawahi kukununulia hata daftari, ameshaanza kukueleza habari za goti lake. Kilichobaki ni wewe kwenda kujifunza kazi.

Chuoni utafundishwa kinga na udhibiti wa maambukizi, au IPC kama wanavyoita wenyewe wodini. Ni somo zuri, lina michoro ya rangi, na utalifaulu. Lakini ondoa wasiwasi, elimu hiyo haikai. Ukifika fildi utakuta chuo cha pili ndani ya hospitali, kisicho na mtaala wala ada, ambacho hufundisha kwa macho. Unatazama wakubwa wanafanyaje, nawe unafanya vilevile. Wanafunzi wengi huchukua wiki kadhaa kusahau walichofaulu. Mwongozo huu umeandaliwa ili wewe usahau siku ya kwanza.

1. Nawa unapotazamwa

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayodai usafi wa hali ya juu, kama kuweka kanula, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Zikariri, maana zinatoka kwenye mtihani.

Wodini nyakati tano ni nyingine kabisa. Mwalimu wa kliniki anapoingia. Wageni wa wizara wanapokuja kukagua. Kabla ya kula chapati. Baada ya kushika kitu kinachonuka. Na siku ambayo bomba linatoa maji.

Utaona kwamba mwanafunzi aliyeiva hunawa baada, hanawi kabla. Ana akili huyo. Kunawa kabla kunamlinda mgonjwa, kunawa baada kunakulinda wewe, na mgonjwa hajakusainia kitabu cha fildi.

Kuhusu muda, maji na sabuni vinataka sekunde 40 hadi 60, kitakasa mikono kinataka 20 hadi 30. Piga hesabu: wagonjwa thelathini, kila mmoja kabla na baada, dakika nzima kwenye sinki lililo mwisho wa korido. Saa moja ya zamu imekwisha na hujampima mtu joto. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kitakasa kikae hapohapo kitandani kwa mgonjwa, mkono ufike bila mguu kutembea. Usikubali uzushi huo. Mahali pa kitakasa ni kabatini, kabati lifungwe, na ufunguo awe nao mtu aliye likizo. Siku ya wageni wa wizara ndipo kitoke, kipangwe vizuri chini ya bango la Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, kipigwe picha, kirudi ndani.

2. Glavu ikishavaliwa, imevaliwa

Vaa jozi moja asubuhi ukishamwamkia sista. Kwa jozi hiyo mpime presha mzee wa kitanda cha tatu. Kwa jozi hiyohiyo msafishe kidonda kijana wa bodaboda, kitanda cha nne. Vuta pazia. Andika kwenye faili. Kalamu ni ya sista, mrudishie. Simu ikitetemeka mfukoni itoe, soma ujumbe wa kikundi cha darasa, cheka, irudishe. Shika kitasa cha stoo. Sasa mwekee dripu bibi wa kitanda cha tisa, ambaye atakukamata mkono kwa mikono yake miwili na kukuombea dua upate mwenza mwema. Itikia amina. Wodi nzima imeshagusana, na viganja vyako ndani ya glavu ni visafi kama vya siku ya Idi.

Kitabu kinasema glavu ni ya mgonjwa mmoja na kazi moja, na ukiivua unanawa, kwa sababu hutoboka vitundu visivyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuivua. Kitabu hakijaongea na sista.

“Samahani sista, glavu zimeisha.”

“Zimeisha zimekwenda wapi? Juzi tu nimetoa boksi.”

“Wagonjwa ni wengi, sista.”

“Mwanangu, hizo ulizovaa zina nini? Zimechanika?”

“Hapana, sista.”

“Haya.”

Hiyo “haya” ndiyo mhadhara mfupi kuliko yote utakayopewa, na hutausahau hadi unastaafu. Wala usiharakishe kumlaumu sista. Maombi yake ya vifaa yalirudi nusu. Wanafunzi mmemwagika wodini kwake kama kumbikumbi, na chuo kiliwaambia kila mmoja aje na glavu zake. Wewe ulikuja na boksi moja, likakopwa siku ya kwanza, na aliyelikopa ni mtu usiyeweza kumdai.

3. Irudishie sindano kofia yake

Ukimaliza kumchoma mgonjwa, shika sindano kwa mkono wa kulia, kofia kwa wa kushoto, lenga, chomeka. Ni vizuri ukifanya hivyo huku unaongea na mtu aliye nyuma yako. Kitabu kinadai sindano iliyotumika iingie moja kwa moja kwenye sefti boksi, bila kuvishwa kofia, bila kukunjwa, na boksi likijaa robo tatu lifungwe. Wewe likifika robo tatu lishindilie kwa kiganja. Litashuka kidogo, na utapata nafasi ya sindano nyingine kadhaa, mojawapo ikiwa imetazama juu.

Hapa ndipo malezi ya Kiwangwa yanapokuponza. Kwenu hakuna anayeingia kuvuna mananasi na kaptura na mikono mitupu mara ya pili. Mwiba wa nanasi una adabu zake: unachoma hapohapo, unauma hapohapo, na kesho hujisahau. Kijidudu hakina adabu hiyo. Homa ya ini B hukaa kimya mwezi mmoja hadi sita kabla ya dalili kuonekana. VVU huweza kukaa kimya miaka. Na kidonda cha yule kijana wa bodaboda kitaoza wewe ukiwa umeshahamia wodi ya watoto, unasifiwa. Kosa linafanyika Jumatatu, malipo yanakuja mwezi wa tatu, tena kwa mtu mwingine. Kwa utaratibu huo mtu anaweza kukosea miaka thelathini na akaagwa kwa keki.

4. Ukichomwa, nyamaza

Siku itafika. Sindano ya mgonjwa itapita kwenye glavu yako na kuingia kidoleni. Taratibu ziko wazi: osha kwa maji na sabuni bila kukamua, mwambie inchaji papo hapo, hali ya mgonjwa ijulikane kwa ridhaa yake, nawe upimwe. Dawa kinga ya VVU, yaani PEP, ianze ndani ya saa chache ikiwezekana, isivuke saa 72, na imezwe kwa siku 28. Bila dawa hiyo, sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza takribani watu 3 katika kila 1,000 wanaochomwa. Homa ya ini B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa, hatari ni kati ya 6 na 30 katika kila 100, kutegemea hali ya mgonjwa.

Kwa hiyo utafanya nini? Utaingiza kidole mfukoni na kuendelea na zamu. Ukisema, utaitwa mzembe, na mzembe hasainiwi kitabu. Tena habari zako zitatoka maabara na kufika kwa mama wa maandazi getini kabla ya majibu. Afadhali ukae na siri yako saa 73, halafu uanze kutafuta kwenye simu, usiku, maana ya kila upele.

Kuhusu chanjo ya homa ya ini B, ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Chuo kitasema hospitali itawachanja. Hospitali itasema chuo kilipaswa kuwaleta mkiwa mmechanjwa. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo mapema miaka ya 2000, kwa hiyo huenda ulishaipata. Muulize mama ilipo kadi ya kliniki. Atakwambia ililiwa na mchwa.

5. Ndoo ya taka ni ile iliyo karibu na mguu

Ndoo zina rangi: nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zile za hatari zaidi. Rangi hizo ni za kupendezesha wodi. Ganda la ndizi, pamba yenye damu na sindano vyote vitachomwa moto mwishoni, hivyo vianze kuzoeana. Atakayebeba mfuko huo hadi kwenye tanuri ni mama wa usafi, aliyevaa kandambili, na ambaye mfuko humgonga mguu anapotembea. Yeye hana kitabu cha fildi wala hajui kama kuna kitu kinaitwa PEP, kwa hiyo hawezi kukuharibia rekodi.

Dawa ya klorini nayo ichanganye kwa jicho. Ukiwa na Jik ya asilimia 3.5 na unataka ya asilimia 0.5, ni kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji. Hesabu ya shule ya msingi. Ila vikombe vya kupimia vilishachukuliwa kunywea chai. Mimina tu. Macho yakilia, ni kali, yasipolia, ongeza. Ya jana bado ipo kwenye ndoo? Itumie, japo nguvu imeshapungua. Usiandike tarehe, utajibana bure.

6. Barakoa kidevuni, sare barabarani

Kifua kikuu husafiri hewani. Barakoa ya kawaida inamfaa anayekohoa asirushe. Wewe unayekaa naye chumbani unahitaji N95 inayobana uso, na dirisha lililo wazi. N95 ipo, imo kabatini pamoja na kitakasa. Dirisha linabaki. Mwambao huu, toka Bagamoyo kuja juu, Mungu ametupa upepo wa bahari bila maombi ya vifaa na bila saini ya mganga mkuu. Lifunge. Mgonjwa wa pembeni analalamika baridi, joto likiwa nyuzi 30.

Zamu ikiisha, usibadilishe nguo. Umepata unesi kwa jasho la mananasi, na watu wana haki ya kuuona. Panda gari ukiwa na sare yako, kaa katikati ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye kuku, shuka Kiwangwa, pita kwenye meza za mananasi, msalimie kila mtu kwa mkono. Yule mama aliyekukatia kipande cha kuonja usimkatalie. Kichukue kwa vidole vilevile.

7. Mchague mgonjwa wa kumwogopa

Hii ndiyo hatua ya wabobezi. Tahadhari za kawaida zilizaliwa baada ya VVU kuwashtua wahudumu wa afya miaka ya 1980, na wazo lake kuu ni kwamba damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kuwa inaweza kuambukiza, kwa sababu hakuna anayeandikwa usoni. Wewe achana na wazo hilo. Soma faili kwanza. Ukikuta mgonjwa ana VVU, vaa jozi mbili za glavu, simama mbali, ongea kwa sauti ya huruma ili wodi nzima ielewe. Huyo huenda anameza dawa zake vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo. Kisha nenda kwa yule mwenye afya njema aliyekuja na homa tu, mhudumie kwa mikono mitupu. Faili lake halina kitu. Halina kitu kwa sababu hajapimwa.

Atakayekubishia atakutajia Gulu, kaskazini mwa Uganda, na hapo sina kejeli ya kuweka. Oktoba 2000, katika Hospitali ya St. Mary's Lacor, wanafunzi wa uuguzi walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua jina. Walikuwa wamewauguza watu waliodhaniwa kuwa na homa za kila siku. Dk. Matthew Lukwiya aliitwa kutoka Kampala alikokuwa masomoni, akasoma mafaili, akatambua kwamba ni Ebola kabla ya maabara kuthibitisha, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa. Usiku mmoja alikimbilia kumsaidia muuguzi aliyekuwa anakata roho. Alivaa kofia, barakoa, gauni na glavu mbilimbili. Hakuvaa miwani ya kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224.

Hapa nyumbani, Machi 2023, homa ya virusi vya Marburg iliingia Kagera: wagonjwa tisa, vifo sita, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Ugonjwa wa namna hiyo haufiki mapokezi na barua ya utambulisho. Unafika kama malaria, unaketi kwenye benchi kama wengine, na wa kwanza kuugusa huwa ni yule aliyetumwa kupima joto. Aliyetumwa ni mwanafunzi.

8. Heshimu wakubwa hadi mwisho

Ukimwona daktari anatoka kitanda kimoja kwenda kingine bila kunawa, tazama dari. Ukimwona sista anarudishia kofia sindano, mshikie trei. Mwanafunzi hamkosoi mkubwa. Akifanya hivyo ataulizwa amekuja kujifunza au kufundisha, na swali hilo halina jibu la kumsaidia mtu anayetaka saini.

Historia inaunga mkono busara hii. Mwaka 1847, jijini Vienna, Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao kuliko katika wodi ya wakunga. Wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja leba. Akaagiza kila anayeingia anawe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wakifa wazazi 18 katika kila 100; Juni wakafa wawili. Wakubwa wa taaluma walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Semmelweis akapoteza kazi, na mwaka 1865 akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa kidonda kilichoingia vijidudu. Wakubwa wale walibaki na heshima zao.

Angalia pia walivyofanya wanafunzi wa Vienna. Walipoamriwa, walinawa. Hawakupelekwa semina wala kupewa mtihani wa kuchagua jibu sahihi. Beseni liliwekwa mlangoni, likatiwa dawa, na akawepo mtu wa kuhakikisha hawapiti hivihivi. Mwongozo huu unakutahadharisha sana na mazingira ya aina hiyo.

Dalili za mwanafunzi aliyeshindikana

Pamoja na juhudi zote, wapo wasiofundishika. Utawatambua. Wana kichupa cha kitakasa kwenye mfuko wa sare, wamenunua kwa hela yao ya nauli. Hufungua dirisha kabla ya kusalimia. Huandika tarehe kwenye ndoo ya klorini. Wakichomwa sindano husema kwa sauti, mbele za watu, kana kwamba hawana kwao. Wengine hufikia hatua ya kumuuliza mama wa usafi kama amechanjwa.

Usihangaike kuwatibu kwa kuwacheka; wameshazoea. Usiwape karipio, watanukuu kitabu. Chunguza chanzo, na mara nyingi utakuta walianzia fildi kwenye wodi ambayo inchaji mwenyewe hunawa kabla hajamgusa mtu, kitakasa kimening'inia kwenye kila kitanda, na aliyechomwa sindano huulizwa kwanza “pole, umeshaosha?” ndipo aulizwe ilikuwaje. Wodi hizo zipo, nyingine ni ndogo na maskini kuliko hizi za kwetu, na ugonjwa wao unaambukiza vibaya. Mwanafunzi akikaa humo siku tatu anarudi akinawa hata usiku ambao hakuna anayemwona. Ukipangiwa huko, omba ruhusa ya msiba.